Sura ya Tano: Magurudumu Sita, Mfuko Mdogo

Mwindaji wa Kanada aliyenunua gari la magurudumu sita mwaka 1970 hakuwa na haraka. Alitaka kuvuka bwawa na bunduki yake ikiwa kavu, basi. Gari lenyewe lilikuwa bodi ya plastiki isiyopitisha maji, chini yake matairi sita manene yenye upepo kidogo sana, yote yakizungushwa kwa cheni. Halikuwa na springi. Kwenye matope lilipita bila kuzama, kwenye maji lilielea, na matairi yaleyale yaliyolibeba nchi kavu ndiyo yaliyolisukuma majini.

Lakini mtu akishapata mashine, na jirani yake akapata nyingine, resi haikawii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa tayari na chama cha kitaifa Marekani, NATVA, kilichosimamia mashindano ya magari haya na kuyagawa katika madaraja kwa ukubwa wa enjini. Viwanda navyo vikaingia kwa nguvu, maana gari lililoshinda Jumapili liliuzika Jumatatu.

Ukoo wa magari haya ulianzia Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1960 na chombo kilichoitwa Jiger, ambacho kilikuwa na enjini mbili ndogo, moja kwa kila upande. Mwaka 1967 kampuni ya Ontario Drive & Gear, ya mji mdogo wa New Hamburg, ilitoa Argo, jina ambalo mpaka leo liko sokoni. Buffalo, jimbo la New York, kukazaliwa Max. Attex ilijijengea sifa kwenye resi. Amphicat ndiyo iliyoonwa na watu wengi kuliko zote, ingawa wengi hawakujua wanaangalia nini: ndiyo iliyotumika kama gari la mwezini katika tamthilia ya televisheni ya Space: 1999, na kabla ya hapo ilipambwa ikawa gari la wale wanyama wa kipindi cha watoto cha The Banana Splits, mwaka 1968.

Kisha soko likakauka. Mwaka 1970 Honda ilileta Marekani pikipiki yake ya magurudumu matatu yenye matairi ya upepo mdogo, nyepesi, rahisi kuiendesha na rahisi kuitengeneza. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda, na watu wakaanza kubana matumizi ya starehe. Viwanda vingi vidogo vya magurudumu sita vikafungwa. Magari yakabaki nyuma ya mabanda ya mashamba ya Ohio, Michigan na Pennsylvania, cheni zikiota kutu na panya wakizaana humo humo chini ya viti.

Ndiyo sababu mchezo huu unawezekana kwa mtu wa kipato cha kawaida. Mkweche wa aina hii, usiowaka, hupatikana kwa bei ndogo kwa sababu mwenye banda anataka nafasi yake. Kinachoumiza ni kile kinachofuata, na hapo ndipo nina neno la kusema. Karibu kila anayeanza huiwaza enjini kwanza. Anatafuta farasi zaidi, anapamba ekzosi, anabadili kabureta, na fedha zinaishia hapo. Siku ya resi anakwama kwenye kona ya kwanza na cheni iliyoruka, enjini ikinguruma vizuri kabisa. Mimi nasema shilingi ya kwanza iende kwenye uzito na mahali maji yanapoingilia, ya pili iende kwenye ekseli na cheni, na enjini ipate kitakachobaki.

Tuanze na bodi. Bodi za zamani nyingi zilikuwa za plastiki ya ABS, nyingine za faiba, na baadaye zikaja za polyethylene. Kila moja inazibwa kwa njia yake, na aliyekosea aina hupoteza kazi ya siku nzima, kwa hiyo pima kwanza. Kata kipande kidogo mahali pasipoonekana, kitupe kwenye ndoo ya maji. Polyethylene huelea. ABS huzama. Faiba nayo huzama, ila ukivunja ukingo wake utaona nyuzi za kioo.

Kama ni ABS umebahatika, kwa sababu huyeyuka ndani ya asetoni. Kwenye kila mwisho wa ufa toboa tundu dogo la milimita 4 ili ufa usiendelee kutambaa. Kwangua sehemu ya ndani ya ufa mpaka plastiki safi ionekane, kisha chukua vipande vya ABS ileile, vitie kwenye chupa ya kioo pamoja na asetoni, funika, viache vilale usiku mmoja. Asubuhi utakuta uji mzito. Upake ndani ya ufa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likauke kabla ya lingine, halafu bandika kiraka cha ABS upande wa ndani. Kiraka hiki hakishikilii juu juu kama gundi. Plastiki mbili zinakuwa moja. Fanya kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na moto, maana mvuke wa asetoni hudaka cheche kwa umbali. Polyethylene haitaki uji huo. Hiyo huunganishwa kwa joto na ufito wa plastiki ya aina yake.

Na unapochomelea fremu, toa bodi kabisa. ABS huanza kulainika karibu na nyuzi joto 100, na fremu ya chuma hupeleka joto mbali kuliko macho yanavyodhani.

Sasa uzito, jambo ambalo watu hulidharau mpaka waingie majini. Chukua gari la kilo 220 na dereva wa kilo 80. Jumla ni kilo 300, na ili lielee lazima lisukume lita 300 za maji. Tairi moja lenye kipenyo cha sentimita 51 na upana wa sentimita 28 lina ujazo wa takriban lita 40. Yakizama nusu, matairi sita yanabeba kilo 120. Zilizobaki, kilo 180, ni za bodi. Na bodi yenye sakafu ya mita 1.8 kwa 0.75 italazimika kuzama sentimita 13 hivi ili kuzibeba. Kila kilo 20 na ushee unazoongeza zinalizamisha gari sentimita moja zaidi.

Sentimita chache hizo zina maana kubwa kwa sababu ya namna tairi linavyosukuma maji. Nusu ya chini ya tairi inarudi nyuma na kulipeleka gari mbele. Nusu ya juu inakwenda mbele, na kama nayo imezama, inasukuma maji kinyume na kula kazi ya nusu ya chini. Gari jepesi huacha nusu ya juu hewani. Gari zito huogelea likijipinga lenyewe. Hata lile jepesi, bila propela, mwendo wake majini ni wa mtu anayetembea, kilomita 4 au 5 kwa saa, kwa hiyo hakuna atakayeshinda kwa kuogelea. Anayeshinda ni yule anayetoka majini bila kukwama, na anayetoka vizuri ni yule ambaye pua ya gari lake haikulala. Betri, tangi la mafuta na vifaa vyovyote vizito visogeze nyuma, upime gari likielea na wewe ukiwa ndani, kisha urekebishe tena.

Wepesi unafaa na matopeni pia. Matairi haya hujazwa upepo wa kama psi 2, wakati tairi la gari dogo huchukua psi 30. Kwa upepo huo kila sentimita ya mraba ya ardhi inabeba gramu 140 hivi. Mtu mzima wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja huigandamiza ardhi zaidi ya mara mbili ya hapo. Ndiyo maana gari linapita pale ambapo mwenyewe ukishuka unazama hadi magotini.

Matairi ndiyo ununuzi unaouma kuliko wote, kwa kuwa ni sita. Matairi ya trekta ndogo za kukatia nyasi, yenye rimu ya inchi 8, huwa na bei nafuu na mengi hukaa vizuri, lakini kuna sharti moja ambalo mwenye mfuko mdogo hushawishika kulivunja: matairi yote lazima yalingane mzingo. Usichanganye mawili mapya na manne yaliyolika. Matairi matatu ya upande mmoja yamefungwa pamoja kwa cheni, yanazunguka mizunguko ileile, hakuna linaloweza kumsubiri mwenzake. Tairi la mbele likiwa na mzingo wa sentimita 160 na la kati sentimita 157, katika kila mzunguko sentimita 3 lazima ziburuzwe. Kwa kilomita moja tairi huzunguka mara 625. Hiyo ni karibu mita 19 za kuburuzana, na anayelipa ni cheni. Usitegemee geji ya kawaida ya upepo, maana kwenye psi 2 sindano yake haisemi kitu cha maana. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia kila tairi, ongeza au punguza upepo mpaka vipimo vifanane.

Cheni yenyewe tuitazame kwa makini. Mengi ya magari haya hutumia cheni za viwandani za namba 40 au 50, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki yuko nyumbani: cheni ya 428 ya bodaboda ina urefu wa pingili uleule wa namba 40, milimita 12.7, na upana wa ndani uleule. Namba 50 ina pingili za milimita 15.9, sawa na 530 ya pikipiki kubwa. Lakini kuingia kwenye spoketi hakutoshi. Nunua cheni imara, kutoka kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha kiwango chake cha kuhimili mvuto, na ubadilishe spoketi pamoja nayo. Cheni mpya juu ya meno yaliyolika hulika haraka ikafanana nayo.

Ili kujua kama cheni ya zamani bado inafaa, iondoe, ioshe kwa mafuta ya taa, ilaze mezani na uivute inyooke. Hesabu pingili 24. Kwa namba 50 zinapaswa kuwa milimita 381. Ukipata zaidi ya 388, karibu asilimia 2, itupe. Haijavutika kama watu wanavyosema. Ni pini na bushi zake zilizolika, na cheni ya namna hiyo hupanda juu ya meno na kuruka pale nguvu inapokuwa kubwa.

Nguvu huwa kubwa kwenye kona. Gari hili halikati kona kwa kugeuza magurudumu. Upande mmoja unapungua au unasimama, mwingine unaendelea, na matairi yanaburuzwa kando juu ya ardhi. Ndiyo maana cheni na ekseli hukatika kwenye kona, mara chache sana kwenye mstari ulionyooka. Max na baadhi ya magari mengine yalitumia giaboksi ya Borg-Warner iliyoitwa T-20, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya mtu kuchagua mkweche mmoja akaacha mwingine. Ina nyenzo mbili, mmoja kwa kila mkono. Ukiuvuta mmoja nyuma, upande ule unafungwa breki, na upande wa pili unabaki na nguvu yake. Ndani kuna gia za sayari na mikanda ya breki, vyote vikiogelea kwenye oili. Ukikuta mkweche wenye T-20 nzima na bodi iliyopasuka, nunua. Ukikuta bodi inayong'aa na giaboksi iliyovunjika, mpe mwenyewe pole uende zako, isipokuwa tayari unayo ya akiba.

Ekseli ndizo zinazotoboa bodi, kwa hiyo ndipo maji yanapoingilia. Kila moja ina beringi na sili. Kabla ya kufungua chochote, pampu grisi mpya kwenye nipeli na uangalie inayotoka. Ikitoka nyeusi, ni uzee tu. Ikitoka nyeupe imetiwa maji, na beringi ile tayari ina kutu hata kama bado inazunguka. Badilisha zote kumi na mbili kama gari lina mbili kwa kila ekseli. Namba zake zimechapwa kwenye pete, na duka lolote la beringi linaweza kukutafutia ya saizi ile. Kabla ya kufunga sili mpya, pitisha ukucha kwenye ekseli mahali mdomo wa sili unapokaa. Ukihisi mfereji, sili mpya haitazuia maji. Ipeleke ekseli kwa fundi wa mashine aivishe bushi nyembamba ya chuma, au kama nafasi ipo, isogeze sili milimita chache ipate uso ambao haujaguswa.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye enjini, na bado kuna fedha, kwa sababu hatukuanza nayo.

Magari mengi ya zamani yalitumia enjini ya mapigo mawili, jamii ya ile ya msumeno wa kukatia miti: oili huchanganywa na petroli, hakuna sampu. Nyingi zilitoka kwa kampuni ya JLO ya Pinneberg, Ujerumani, nyingine kwa Sachs, Hirth na Kohler. Viwanda hivyo viliuza enjini zizo hizo kwa watengenezaji wa pikipiki za theluji, na huo ndio mlango wa nafuu. Pistoni, ringi na gaskiti ambazo huzipati kwa jina la gari lako utazipata kwa jina la pikipiki ya theluji ya mwaka ule.

Ila kuna mtego. Si kila enjini ya theluji inafaa. Zipo zilizopozwa na upepo wa mwendo tu, na zipo za maji ambazo hupoza maji yake kwa theluji inayorushwa na mkanda wa chini. Ukiifungia enjini ya namna hiyo ndani ya bodi ya plastiki, mwendo mdogo, matope kila upande, itaungua kabla ya mzunguko wa pili. Tafuta yenye feni yake, ifungwayo moja kwa moja kwenye krenki, na uiachie njia ya hewa baridi kuingia na ya hewa moto kutoka.

Kabla ya kuiwasha enjini iliyolala miaka, ijaribu kwa upepo. Ziba ekzosi na mdomo wa kabureta kwa vipande vya mpira, ingiza upepo wa psi 6, funga, tazama geji. Ikishuka zaidi ya psi moja kwa dakika, paka maji ya sabuni kwenye maungio na kwenye sili za krenki mpaka uone povu. Enjini hii huvuta mchanganyiko wake kupitia nyumba ya krenki. Sili ikivuja huvuta hewa tupu, mafuta yanakuwa haba, joto linapanda, na pistoni hutoboka. Sili mbili mpya ni bei ya chakula cha mchana. Pistoni na silinda ni mshahara.

Kisha linganisha mwendo na gia, kwa kalamu, kabla ya kununua spoketi. Tairi lenye mzingo wa mita 1.6, kwa kilomita 50 kwa saa, linazunguka mara 520 kwa dakika. Enjini inayotoa nguvu zake kwenye mizunguko 6,000 inahitaji kupunguzwa mara 11.5 kati ya krenki na tairi, klachi ya mkanda ikiwa imefika mwisho wake. Njia fupi yenye kona nyingi haifiki kilomita 50 hata siku moja; kwa njia hiyo punguza zaidi, upate mvuto wa kutokea majini. Na klachi yenyewe ifunikwe kwa bati la chuma. Mkanda ukikatika kwenye mizunguko hiyo huruka, na kiti cha dereva kiko karibu sana.

Kwa usalama sina mapatano. Kofia ngumu, koti la kuokolea maisha, na kamba ya kuzimia enjini iliyofungwa kwenye mkono wa dereva. Nyenzo mbili hazijirudishi kama usukani. Dereva akirushwa nje, gari linaendelea na safari bila yeye. Ndani ya bodi jaza povu gumu la seli zilizofungwa kila penye nafasi, ili gari likijaa maji lisizame moja kwa moja. Na usijifunge mkanda wa kiti kwenye gari lisilo na vyuma vya kukulinda likipinduka, hasa penye maji.

Resi ikiisha, umeshinda au umeshindwa, kazi ya siku haijaisha. Fungua kizibo cha chini maji yatoke, osha cheni, zikaushe, zipake oili. Halafu pampu grisi kwenye kila beringi, huku ukizungusha tairi kwa mkono, mpaka ile iliyoingiwa na maji itoke yote na safi ianze kuonekana. Ifanye kazi hiyo jioni ileile, kabla hujaenda kuoga. Maji yakilala ndani ya beringi, asubuhi kutu imeshaanza.